Kelele za Breki na Usukani: Namna ya Kulichunguza Gari Kuukuu katika Barabara za Butula

Sehemu kubwa ya magari madogo yanayosafirisha watu na mizigo kati ya Mumias, Butula, Bumala na Busia yaliundwa kwa ajili ya soko la Japani, yakatumika huko kwa miaka kadhaa, kisha yakaingia Afrika Mashariki kupitia bandari ya Mombasa. Kanuni za Kenya haziruhusu kuingizwa nchini gari lililozidi umri wa miaka 8, lakini umri huo hupimwa siku ya kuingia tu, hivyo gari ambalo mwalimu au mfanyabiashara wa Butula hulinunua kwa mtu aliyelitumia Kisumu au Nairobi mara nyingi huwa limekwisha kupita miaka 15. Upande wa pili wa mpaka, sheria ya Uganda iliyorekebishwa mwaka 2018 iliweka kikomo cha miaka 15, na kwa kuwa nchi zote mbili huendesha magari upande wa kushoto, magari ya Busia ya Kenya na yale ya Busia ya Uganda ni ya jamii moja, huharibika kwa namna ile ile na hutengenezwa kwa spea zile zile. Toyota Probox, iliyoanza kuuzwa mwaka 2002 kama gari la kubebea bidhaa na zana za kazi, ndiyo inayoonekana zaidi katika steji za eneo hili, ambako hubeba abiria na magunia kupita kiasi ilichoundiwa.

Barabara nazo zina fungu lake katika uharibifu. Lami inayotoka Mumias hupita Butula na kufika Bumala, ambako hukutana na barabara kuu ya Kisumu na Busia, na kila penye soko au shule huwa pana matuta ya kupunguza mwendo. Nje ya lami hiyo, njia zinazoingia katika vijiji vya Marachi ni za changarawe na udongo mwekundu ambao wakati wa kiangazi huwa vumbi laini, na katika mvua za masika, kati ya Machi na Mei, hugeuka matope yanayojaza kila upenyo chini ya gari. Trekta zinazovuta miwa huacha mifereji mirefu mahali zinapotoka shambani. Ardhi yenyewe haina miteremko mirefu kama ile ya Bonde la Ufa, kwa hiyo breki za huku hazichoshwi na mlima, bali na uzito wa mzigo na kusimama mara kwa mara kushusha na kupakia abiria, huku viungo vya usukani vikichoshwa na matuta, mashimo na vumbi linalopenya ndani ya mipira iliyopasuka.

Gari linapoanza kutoa sauti ngeni, mwenye gari huieleza kwa jinsi inavyosikika: linalia, linagonga, linasaga, linavuma. Maelezo hayo yana faida, lakini yakitegemewa peke yake huwapotosha hata mafundi hodari, kwa sababu bodi ya chuma huipeleka sauti mbali na mahali ilipoanzia, na mgongano wa kiungo kilicho chini ya gurudumu la mbele unaweza kusikika kana kwamba unatoka chini ya dashibodi. Matokeo yake ni gharama isiyo ya lazima: kinanunuliwa kiungo kimoja, sauti inabaki, kinanunuliwa cha pili, sauti inabaki, na mwenye gari huanza kuamini kwamba gari lake halitengenezeki. Jambo linalostahili kutangulizwa ni wakati wa sauti. Je, hutokea pale tu breki inapokanyagwa, au usukani unapokatwa, au gari linapopita juu ya tuta, au hudumu muda wote gari linapokwenda moja kwa moja? Hali hizo nne hugawanya viungo vya gari katika makundi manne yasiyofanana sana, na anayeweza kujibu swali hilo kwa uhakika huwa amekwisha kuondoa robo tatu za shaka kabla ya spana ya kwanza kushikwa.

Swali la pili ni iwapo sauti hufuata mzunguko wa gurudumu au mzunguko wa injini. Tairi la kawaida la gari dogo lina mzingo wa karibu mita 1.9, maana yake ni kwamba katika mwendo wa kilomita 20 kwa saa huzunguka takriban mara 3 kila sekunde, kasi ambayo sikio linaweza kuihesabu, na katika kilomita 60 kwa saa huzunguka karibu mara 9, ambapo mapigo huungana na kuwa mtetemo. Sauti inayopigapiga polepole gari linapotambaa na kuharakisha kadiri mwendo unavyoongezeka, bila kujali gia iliyotiwa, hutoka kwenye gurudumu, breki au ekseli. Inayopanda na kushuka kwa kukanyaga mafuta hata gari likiwa limesimama hutoka kwenye injini au vitu vinavyozungushwa na mkanda wake. Jaribio zuri ni kuliendesha gari polepole, madirisha yakiwa wazi, sambamba na ukuta mrefu, kwa kuwa ukuta huirudisha sauti ya upande ule na kuitenga na ya upande wa pili. Na ni vyema mtu mwingine aketi nyuma asikilize, maana dereva hukaa karibu na gurudumu la kulia na masikio yake hulipendelea gurudumu hilo.

Katika breki za diski, ambazo hukaa kwenye magurudumu ya mbele karibu katika magari yote ya aina hii, diski ya chuma huzunguka pamoja na gurudumu, na kalipa, yaani kifaa kinachoikumbatia diski hiyo, huzibana pedi mbili juu yake kwa nguvu ya mafuta ya breki. Mlio mwembamba unaochoma masikio breki inapokanyagwa kidogo hutokana na pedi kushika na kuachia diski kwa kasi kubwa mno, kwa kawaida zaidi ya mitetemo 1,000 kwa sekunde, hadi diski yenyewe inaanza kuvuma. Tatizo hilo lilizaliwa pamoja na breki zenyewe. Mwingereza Frederick Lanchester alipopata hataza ya breki ya diski mwaka 1902, pedi zake zilikuwa za shaba, na kelele ya shaba kusugua chuma ilikuwa kali kiasi cha kuwafukuza wateja, hadi Herbert Frood, mwasisi wa kampuni ya Ferodo, alipopata njia miaka michache baadaye ya kuzivika pedi nyenzo yenye asbesto. Kelele ilipungua, lakini dunia ilikuja kutambua kwamba nyuzi za asbesto husababisha saratani ya mapafu. Pedi za kisasa zinazotengenezwa kwa kufuata viwango hazina asbesto, ila za gari kuukuu hazijulikani zilikotoka, na kwa sababu hiyo desturi ya kupuliza vumbi la breki kwa mdomo au kwa upepo wa kompresa, ambayo bado huonekana katika gereji nyingi, inapaswa kuachwa kabisa na mahali pake kutumika kitambaa kilicholowa maji.

Si kila mlio ni ubovu. Baada ya usiku wa mvua, uso wa diski hushika kutu nyembamba, na breki za kwanza za asubuhi hukwaruza, kisha hunyamaza baada ya kusimama mara chache. Katika njia za changarawe kuna jambo jingine linalowatisha madereva bure: kokoto ndogo huingia kati ya diski na bati jembamba linaloikinga na uchafu, ikatoa ukwaruzaji mkali usiokoma, unaosikika breki ikikanyagwa au isikanyagwe. Kulirudisha gari nyuma na kulipeleka mbele mara kadhaa mara nyingi huiangusha kokoto hiyo. Isipoanguka, gurudumu hufunguliwa na bati husogezwa kwa bisibisi.

Mlio unaostahili kuheshimiwa ni ule wa kiashirio cha uchakavu, yaani ulimi mdogo wa chuma uliopachikwa kwenye pedi ili uiguse diski pedi inapokaribia kwisha. Pedi mpya huwa na unene wa milimita 10 hadi 12 za nyenzo ya msuguano, na ulimi huo huanza kugusa zinapobaki milimita 2 au 3. Sauti yake huwa nyembamba, hufuata mzunguko wa gurudumu, na katika hatua za mwanzo mara nyingi hutulia breki inapokanyagwa na kurudi ikiachiliwa, kinyume cha milio mingine ya breki. Hapa ndipo panapotokea kosa la hatari zaidi katika habari yote ya kelele za magari. Dereva husikia mlio kwa wiki kadhaa, kisha siku moja hausikii tena, akafurahi kwamba umejiponya, kumbe ulimi umepinda au umekatika na pedi imebaki na unene wa kucha. Baada ya kimya hicho huja sauti nzito ya kusaga, ambayo ni bati la mgongo wa pedi likisugua diski, chuma kwa chuma. Kuanzia hapo kila kilomita huchimba mifereji katika diski, pistoni ya kalipa hutoka nje kupita kawaida yake, joto hupanda, na gari halistahili kusafiri isipokuwa hadi gereji ya karibu, polepole na bila abiria. Tena, pedi nyingi za bei ya chini hazina ulimi huo kabisa, kwa hiyo kimya chake hakithibitishi chochote. Njia pekee ni kuchungulia unene wake kwa tochi kupitia matundu ya rimu, kazi isiyozidi dakika tano.

Kuna mgongano mmoja wa breki ambao chanzo chake mara nyingi ni matengenezo yenyewe. Gari likibadilisha mwelekeo kutoka kurudi nyuma kwenda mbele, breki ya kwanza hutoa pigo moja, kisha zinazofuata huwa kimya. Au gari likipita kwenye barabara yenye mawimbi madogo, kitu hulialia gurudumuni, na kuigusa breki kidogo tu hukinyamazisha. Dalili hizo humaanisha kwamba pedi zinacheza ndani ya nafasi yake kwa kukosa vibanio vyake, yaani vile vipande vyembamba vya chuma chenye springi vinavyozishikilia, ambavyo vikishika kutu fundi mwenye haraka hufunga pedi mpya na kuviacha chini ya mti. Pamoja navyo hutupwa yale mabati membamba ya mgongoni ambayo kazi yake ni kuufyonza mtetemo. Mwenye gari anayekaa pale kazi ikifanyika na kudai kila kipande kirudishwe mahali pake hujiepusha na kelele ya miezi mingi. Si kuwadharau mafundi wa jua kali kusema hivyo. Wengi wao hulijua gari la Kijapani kwa kugusa tu, ila hufanya kazi kwa wateja wanaotaka gari saa ile ile na kwa bei ya chini kabisa.

Pini ambazo kalipa huteleza juu yake zinahitaji uangalifu kama huo. Zikikauka au kushika kutu, kalipa hubana upande mmoja tu, pedi ya ndani huisha mapema wakati ya nje ingali nzima, gurudumu hupata moto na gari huvutwa upande breki inapokanyagwa. Baada ya safari ya kutoka Busia hadi Butula, dereva anaweza kukaribisha kiganja kwenye kila rimu bila kuigusa na kulinganisha joto la kushoto na la kulia. Tofauti kubwa ni ushahidi wa kalipa iliyokwama. Pini hizo hupakwa grisi maalumu ya breki yenye silikoni na istahimiliyo joto, kwa kuwa grisi ya kawaida ya chasisi huvimbisha mipira inayozikinga na baada ya muda hukwama upya. Kwa sababu hiyo hiyo mipira ya kalipa haioshwi kwa petroli wala dizeli. Mafuta ya breki nayo hunyonya unyevu wa hewa: yale ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya hayachemki chini ya nyuzi 205 za Selsiasi, lakini yakishanyonya maji kiwango hicho hushuka hadi 140 hivi, na gari lililojaa abiria linaposimama mara nyingi, mafuta ya namna hiyo huweza kuchemka na kuiacha pedali ikizama bila kushika, bila sauti yoyote ya kuonya.

Mtetemo unaopiga pedali na usukani breki inapokanyagwa kwa kasi ya kilomita 80 kwa saa huitwa na wengi kupinda kwa diski, ingawa kwa kawaida diski haikupinda, bali unene wake umekuwa si sawa mzunguko mzima. Tofauti ya mikromita 20 hivi, yaani sehemu mbili kati ya mia za milimita moja, yatosha kuhisiwa na mguu. Usukani ukitetema, shaka ya kwanza iende kwenye diski za mbele. Kiti na sakafu vikitetema huku usukani ukiwa mtulivu, shaka iende nyuma. Kuchonga diski kwenye mashine husaidia ikiwa unene utakaobaki hautapungua chini ya kikomo kilichogongwa kwenye diski yenyewe, na fundi asiyepima kabla ya kuchonga anakisia.

Breki za dramu za magurudumu ya nyuma zina hadithi fupi zaidi. Viatu vya breki hutanuka ndani ya dramu iliyofungwa, na vumbi jekundu linaloingia humo halina pa kutokea, hivyo husagika na kutoa mlio mzito wa kukoroma, ambao huisha dramu ikifunguliwa na kusafishwa. Mlio ukifuatana na harufu ya kuungua, kinachostahili kutazamwa kwanza ni kebo ya breki ya mkono, kwa sababu huganda ndani ya ala yake na kuviacha viatu vikigusa wakati wote.

Usukani huhitaji uchunguzi wa namna nyingine, kwa kuwa viungo vyake havina kazi ya kusuguana bali ya kushikana, na kelele zake nyingi ni za vitu vilivyolegea. Kutoka kwenye mkono wa dereva nguvu hushuka kupitia mhimili hadi kwenye reki, ambayo ni ufito wenye meno unaosukumwa kushoto na kulia. Kutoka kwenye reki hupita katika tairodi, na mwisho wa kila tairodi kuna kiungo cha mpira wa chuma ndani ya kikombe. Chini ya gurudumu kuna boljointi, kiungo kikubwa zaidi cha aina hiyo, kinacholiunganisha gurudumu na mkono wa chini wa gari. Vyote hivyo hujazwa grisi na kufunikwa kwa mfuko wa raba. Mfuko ukipasuka, vumbi la changarawe huchanganyika na grisi likawa kama tupa, na kiungo kilichoundwa kudumu miaka mingi huisha katika miezi michache.

Kugonga kunakotokea kwenye matuta na mashimo kunaweza kutoka kwenye linki za stabilaiza, kwenye bushi za mkono wa chini, kwenye shokomzoba au kwenye boljointi, na hatari zake hazilingani hata kidogo. Linki iliyokufa hutoa kelele kubwa ya kugongagonga barabara ikiwa na vishimo vidogo, lakini gari bado huongozeka. Boljointi iliyokufa inaweza kutoa sauti ndogo tu, na siku ikichomoka gurudumu hulala chini na gari halina tena usukani upande huo. Kwa hiyo ukubwa wa kelele si kipimo cha hatari, na dereva anayepuuza mgongano mdogo kwa sababu ni mdogo huenda anapuuza ule usiofaa kupuuzwa.

Uchunguzi wenyewe hauhitaji mitambo. Gari husimamishwa mahali palipo sawa, magurudumu ya nyuma huzuiwa kwa mawe au vipande vya mbao, na jeki hukalishwa juu ya ubao mpana, kwa kuwa udongo wa Butula uliolowa humeza jeki bila taarifa. Gari likishainuliwa huwekewa stendi imara, na hakuna mtu anayeingiza mwili chini ya gari lililoshikwa na jeki pekee. Gurudumu la mbele hushikwa kushoto na kulia, kwa usawa wa katikati, na kutikiswa kwa zamu. Ulegevu unaohisiwa hapo, ambao mafundi huuita pleyi, hutoka kwenye tairodi au reki. Kisha hushikwa juu na chini na kutikiswa tena. Ulegevu wa namna hii hutoka ama kwenye beringi ya gurudumu ama kwenye boljointi, na kuzitenganisha mbili hizo kuna mbinu rahisi: mtu wa pili akanyage breki huku wa kwanza akiendelea kutikisa. Breki ikikanyagwa, diski hufungwa pamoja na kalipa na beringi huwa haina nafasi ya kucheza, kwa hiyo ulegevu ukitoweka lawama ni ya beringi, na ukibaki lawama ni ya boljointi. Katika magari ambayo springi hukaa juu ya mkono wa chini, jeki huwekwa chini ya mkono huo ili mzigo wa springi uondoke kwenye kiungo, vinginevyo kiungo kibovu hubanwa na kuonekana kizima.

Jaribio jingine hufanywa gari likiwa limekaa juu ya magurudumu yake yote. Mtu mmoja huukata usukani kidogo kushoto na kulia, kwa haraka na kwa pembe ndogo, na mwingine huweka vidole juu ya kila kiungo kimoja baada ya kingine, kuanzia kwenye mhimili hadi kwenye ncha za tairodi. Kiungo kizima huzipeleka pande zake mbili kwa pamoja. Kibovu huanza kusogea upande mmoja kabla ya mwingine, na pigo lake dogo huhisiwa na kidole hata pale ambapo sikio halisikii. Hakuna kifaa cha bei kubwa kinachoshinda vidole katika kazi hii.

Mtatariko unaosikika usukani ukikatwa sana na mafuta yakikanyagwa, kwa mfano gari linapogeuka kutoka kwenye steji kuingia barabarani, ni dalili ya kiungo cha nje cha ekseli ya mbele, ambacho huruhusu gurudumu kupokea nguvu ya injini huku likigeuka. Grisi iliyotapakaa upande wa ndani wa rimu huthibitisha kwamba mfuko wake wa raba umepasuka, na mfuko ukigunduliwa mapema, kabla ya mtatariko kuanza, huweza kubadilishwa peke yake na kiungo kikasalimika. Uvumi unaoongezeka pamoja na mwendo gari likienda moja kwa moja hutoka kwenye beringi au kwenye matairi yaliyolika vibaya. Tairi hubadilisha sauti yake lami inapobadilika, lakini beringi huimba vile vile juu ya lami mpya na lami kuukuu. Na gari likiyumbishwa taratibu kwenda kushoto, uzito huhamia upande wa kulia, hivyo uvumi ukizidi wakati huo beringi ya kulia ndiyo inayoshukiwa.

Katika magari yenye usukani wa mafuta, mguno unaopanda usukani unapokatwa hadi mwisho kwa kawaida humaanisha kwamba mafuta yamepungua au yana hewa, na povu ndani ya chupa yake ni uthibitisho. Kuongeza mafuta bila kutafuta mahali yanapovujia ni kuahirisha tatizo, na aina ya mafuta hufuatwa kama ilivyoandikwa kwenye kifuniko. Kilio kikali cha muda mfupi asubuhi, gari linapowashwa na usukani kukatwa, ni cha mkanda uliolegea au uliokauka. Magari mengi madogo ya miaka ya karibuni yana usukani wa umeme usio na mafuta wala mkanda, na kelele zake huwa ni za kugonga kutoka kwenye mhimili, karibu na miguu ya dereva. Mlio kama wa springi inayoachiliwa ghafla, unaosikika gari likiwa limesimama na usukani ukizungushwa, hutoka juu ya shokomzoba, ambapo kuna beringi ndogo inayojaa vumbi.

Chanzo kikishajulikana, huja suala la spea, na miji ya mpakani ina kila namna ya spea: mpya halisi, mpya za kuigiza, na zilizotolewa kwenye magari mengine ya Japani. Kununua mlango au taa iliyotumika hakuna ubaya. Kununua boljointi au tairodi iliyotumika ni kununua umri usiojulikana katika kiungo ambacho maisha ya watu hukitegemea. Pedi hubadilishwa kwa jozi, kushoto na kulia pamoja, ili gari lisivutwe upande mmoja. Kwa gari la abiria uamuzi huu wa spea za breki ni mzito zaidi, kwa kuwa nishati ambayo breki zinapaswa kuimeza huongezeka sambamba na uzito, na huongezeka kwa mraba wa mwendo: gari linalokwenda kilomita 100 kwa saa lina nishati zaidi kwa asilimia 56 kuliko lile lile likienda kilomita 80.

Pedi mpya hulia kidogo siku za kwanza hata zikiwa bora, kwa sababu uso wake haujalingana na wa diski. Hulainishwa kwa kuliendesha gari mahali pasipo na msongamano, kupunguza mwendo kutoka kilomita 50 hadi 10 kwa saa mara nane au kumi bila kusimama kabisa, na kuacha nafasi ya breki kupoa kati ya mara moja na nyingine, kisha kuepuka breki za ghafla kwa kilomita 200 hivi za mwanzo. Tairodi ikibadilishwa, magurudumu hupimwa upya mwelekeo wake kwenye mashine, maana kuhesabu nyuzi za skrubu hukaribia tu kipimo cha awali, na matairi ya mbele yataonyesha kosa hilo kwa kulika upande mmoja. Nati za magurudumu yote yaliyofunguliwa hukazwa tena baada ya kilomita 50 hadi 100, gari likiwa chini na magurudumu yakiwa yamepoa.